Yesi ya Huku na Yesi ya Kule

Sol-mi, mtoto wa dada yangu, alianza kupenda maziwa yaliyoharibika akiwa na miaka minane. Nasema yaliyoharibika kwa sababu hivyo ndivyo tulivyoyaita siku baba yake alipoingia kutoka zizini, akaketi pale kwenye sakafu penye joto, pahali panapogombewa na nyumba nzima wakati wa baridi, na kumbe amekalia kifurushi kilichofunikwa blanketi. Kifurushi kikapasuka. Suruali ilitupwa siku hiyohiyo, lakini harufu tuliishi nayo hadi theluji ilipoyeyuka. Sol-mi alilia sana, na wala hakulia kwa kuogopa kuchapwa.

“Baba, umekalia jibini yangu,” alisema. “Ilikuwa imebaki kidogo tu iive.”

Tak Jong-pil, shemeji yangu, ana ng’ombe wengi na maneno machache. Alimtazama mtoto, akatazama suruali, akasema, “Wakati mwingine weka kibao.” Basi. Kesho yake alimchongea kibao kweli, kimeandikwa USIKALIE, na tangu hapo chumba kile kilikuwa cha jibini, sisi wageni tu.

Msinishangae nikisema jibini kama watu wengine wanavyosema wali. Sisi ni watu wa Imsil, huku Korea kwenye jibini nyingi kuliko pote, tumeizoea. Lakini mtoto huyu alipitiliza. Wenzake walibandika ukutani picha za waimbaji wenye nywele za zambarau. Yeye alibandika ng’ombe wa Nyuzilandi, wamelala kwenye nyasi katikati ya mvua, hawana zizi, hawana paa, hawana habari. Alimaliza sekondari, akapata kazi ya kukaa kwenye duka la karibu na kituo cha basi, na jioni moja mezani akatangaza kwamba anataka kwenda chuo kikuu hukohuko Nyuzilandi, kusoma maziwa na nyasi.

“Nyasi?” dada yangu akauliza. “Ukasome nyasi ng’ambo, kwani hizi za hapa hazina herufi?”

“Mama, ng’ombe wetu wanakula chakula cha gunia. Wa kule wanakula mlima mzima. Nataka kujua hiyo ladha inaingiaje kwenye maziwa.”

Dada yangu akamgeukia mumewe apate wa kumsaidia. Shemeji alikuwa anatafuna figili polepole. Alimeza, akasema, “Kule kuna matope mengi,” akaendelea kula. Hatukujua kama ni ruhusa, onyo au utabiri wa hali ya hewa. Sol-mi alichukua kuwa ni ruhusa.

Basi ndipo wazimu ulipoanza, na makao makuu ya wazimu wote yakawa saluni kwangu. Hapa kwetu mwenye saluni huitwa mkurugenzi, hata kama anachoongoza ni paka tu, na mimi hata paka sina. Nina viti vitatu, kofia mbili za kukaushia nywele na wateja walewale wa miaka yote, wanawake wa rika langu na zaidi, wanaotaka nywele zijikunje kiasi cha kukaa hadi mavuno. Dawa ya kukunja nywele inataka uvumilivu. Mtu anakaa na rola kichwani, hana pa kwenda, na mtu asiye na pa kwenda ndiye mwalimu bora. Sol-mi aliwaandikia maswali ya Kiingereza kwa herufi zetu, akawagawia, nao wakawa wanamsaili kwa zamu. Kwa nini unataka kusoma kwetu. Tueleze juu ya familia yako. Una nguvu gani, una udhaifu gani.

“Udhaifu wake ni kuosha vyombo,” Mama Du-sik akasema. “Hilo nalo lina Kiingereza chake?”

Huyu Mama Du-sik anauza tofu, ile ya maziwa ya soya yaliyogandishwa, na sauti yake inasikika ng’ambo ya mto. Mwanawe Du-sik aliwahi kukaa Kanada msimu mmoja wa joto, na tangu siku hiyo mama mtu ndiye balozi wetu wa kila kitu cha Kiingereza. Hajui Kiingereza. Anajua kutikisa kichwa wanavyotikisa wao, na hiyo imemfikisha mbali.

Asubuhi Sol-mi aliwahubiria ng’ombe Kiingereza. Mmoja wao tukambatiza Profesa, kwa sababu alikuwa hajibu mpaka kwanza afikirie. Mtihani wa Kiingereza uliotakiwa na chuo, Sol-mi alishindwa, akarudia, akashindwa kwa kidogo, akarudia tena, akapita, na jioni hiyo alinizungusha katikati ya saluni mpaka mteja aliyekuwa na dawa kichwani akapitiliza muda, akatoka na nywele kama kondoo. Alifurahi hivyohivyo, akasema ni mwaka wa maziwa.

Kikabaki kitu kimoja tu, usaili. Walimu wawili wa kule wangezungumza naye kwa kompyuta, na wakiridhika, nafasi ni yake. Ukaangukia siku yake ya kuzaliwa.

Hapo pakazuka vita. Siku ya kuzaliwa mtu anakula supu ya mwani, hilo halina mjadala. Na siku ya mtihani mtu hali supu ya mwani, kwa sababu mwani unateleza na atakayeula atateleza naye, na hilo pia halina mjadala. Kila mwaka shemeji yangu huamka mwenyewe na kumpikia bintiye supu hiyo. Mwaka huo dada yangu alisimama mbele ya jiko, mikono kiunoni.

“Leo hapikwi mwani nyumba hii.”

“Mtoto kazaliwa leo.”

“Azaliwe kesho.”

“Mama Sol-mi, mtu hazaliwi kesho.”

“Basi mpe peremende ya kunata, anate kwenye chuo. Mwani hapana.”

Sol-mi alikula peremende na wali. Shemeji alipika supu yake, akaibeba sufuria nje, akainywa peke yake pembeni ya zizi. Alipoulizwa alisema yeye hana usaili na mtu.

Tukakutana saluni kwangu, kwa sababu kule shambani mtandao hupotea kila mashine ya kukamulia inapowashwa. Nilimpanga nywele, nikamfunga kola nyeupe, nikamweka mbele ya ukuta wenye rangi nzuri. Mimi, dada na Mama Du-sik tukajificha nyuma ya pazia la mataulo. Kwenye kioo cha kompyuta wakatokea mama mmoja mwenye mvi na miwani shingoni, na kijana mwenye ndevu. Wakaongea. Mimi Kiingereza changu kilikuwa neno moja, yesi, lakini hilo moja nililijua vizuri, na Sol-mi alikuwa analimwaga kama mvua. Yesi, yesi, huku anatabasamu na kuinamisha kichwa kwa adabu. Kila yesi, dada yangu alinibana mkono. Mtu anayekubali kila anachoulizwa na wakubwa zake, nani atamkataa?

Ilipokwisha alitoka nyuma ya meza anarukaruka. “Mama mdogo, waliniuliza na kuniuliza, na mwisho yule mama akanitazama kwa huruma sana.”

“Kwa mapenzi,” Mama Du-sik akamsahihisha. “Wazungu huruma yao na mapenzi yao ni sura moja.”

Zikapita siku kadhaa. Asubuhi moja Sol-mi aliacha simu yake inachaji kwangu, akaenda kumsaidia baba yake kwa ndama aliyekuwa anazaliwa. Simu ikalia, barua pepe imeingia, maneno ya kwanza yanaonekana hata bila kufungua. Mama Du-sik alikuwa chini ya kofia ya kukaushia. Alinyoosha mkono, akaisogeza mbali na macho yake kama wasomi wanavyofanya.

“Tunafurahi,” akasoma. Neno hilo alikuwa amelikariri kwenye barua ya Du-sik ya kukubaliwa Kanada. “Mkurugenzi, imeandikwa tunafurahi. Mtoto amepita.”

Nilitakiwa kusema tumsubiri mwenyewe. Haraka haraka haina baraka, nayajua hayo kama mtu mwingine. Lakini nilikuwa nimeshashika mkasi na nacheza nao, na Mama Du-sik alikuwa ameshatoka barabarani na rola zake kichwani. Kabla sijapata pumzi, kipaza sauti cha kijiji kikakohoa.

“Ndugu wanakijiji, mwenyekiti wenu hapa,” ikasema sauti ya Mzee Bae. “Maji yatakatika mchana, kingeni mapema. La pili, binti mkubwa wa Tak Jong-pil ameingia chuo kikuu Nyuzilandi. Jong-pil, popote ulipo, wanakijiji wanauliza tutakula nini.”

Popote alipokuwa, alikuwa amezamisha mkono mzima ndani ya ng’ombe. Sol-mi aliniambia baadaye kwamba baba yake alisema tu, “Vuta,” ndama akatoka, wakamtazama ndama, wakatazamana, wakaanza kucheka wote wawili bila kujua kuacha.

Mchana huohuo bango la kitambaa lilitundikwa juu ya barabara ya kuingia kijijini, kama linavyotundikwa kwa kila mtoto anayefaulu jambo. HONGERA TAK SOL-MI, BINTI MKUBWA WA TAK JONG-PIL, KWA KUINGIA CHUO KIKUU CHA NYUZILANDI. Chini, jina la mwenyekiti kwa herufi kubwa kuliko la mtoto. Shemeji alichemsha nyama ya nguruwe, dada akaagiza mikate ya mchele, kijiji kizima kikaja na matumbo yake. Sol-mi alifika kwangu kuchukua simu akiwa bado ananuka zizi, watu wakimpigia makofi njia nzima. Akaifungua barua.

Alisoma. Akairudia. Uso ukaanza kupoa taratibu.

“Mama mdogo, wanasema wanafurahi kunipa nafasi ya kusomea uendeshaji wa ofisi.”

“Ofisi ya ng’ombe?”

“Ofisi ya ofisi. Wanasema wananishukuru kwa ukweli wangu. Kwa kuwa niliwaambia mwenyewe kwamba naogopa matope, kwamba kuamka alfajiri kunanishinda, na kwamba mwaka wa kwanza ukiisha nitarudi nyumbani, wameona kozi ya maziwa haitanifaa.”

“Ulisema hayo?”

“Sikusema hata moja.”

Nje walikuwa wanaimba. Dada yangu aliletwa ndani kwa kuvutwa mkono, akaambiwa, akakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele. Kitu cha kwanza alichosema ni, “Mwani.” Kisha akainuka kumtafuta mumewe. “Wewe uliunywa. Kuteleza kumetoka kwako kumemfikia mtoto.” Shemeji alikuwa ameshika sinia la nyama, akalishika hivyohivyo muda mrefu. Mwenyekiti aliambiwa alishushe bango. Akasema bango la pongezi halijawahi kushushwa Imsil tangu azaliwe, na uongozi wake hautakuwa wa kwanza.

Siku tatu Sol-mi hakupita chini ya bango. Alizunguka kwa nyuma, kupitia mashamba ya pilipili, akifika kazini na viatu vya udongo. Mimi sipendi kuona mtoto anapita nyuma ya kijiji chake mwenyewe. Siku ya nne nilimkalisha kitini, nikamwambia tunaanza upya.

“Swali la matope. Walikuuliza vipi?”

“Waliuliza, huogopi matope?”

“Ukasema?”

“Yesi.”

“Sawa kabisa,” nikasema.

“Sawa kabisa,” akasema Mama Du-sik chini ya kofia.

“La kuamka?”

“Kuamka alfajiri hakukushindi? Nikasema yesi, nimelelewa na ng’ombe. Labda hapo mwisho hawakunisikia, mtandao ulikuwa unakatika.”

“Na la kurudi?”

“Hutarudi nyumbani mwaka wa kwanza ukiisha? Nikasema yesi.”

“Sasa hapo kosa liko wapi?” Mama Du-sik akauliza, na saluni nzima ikakubaliana naye. Mtu kaulizwa huogopi, naye haogopi, kasema ndiyo. Tulikubaliana kwamba watu wa kule ni viziwi, au wamemwonea. Mama Du-sik alitaka mwenyekiti awasemee kwenye kipaza sauti.

Nikamletea Sol-mi bakuli. “Hujala?”

“Ndiyo,” akasema. Kisha akabaki ameshika vijiti hewani.

“Nini?”

“Niulize tena.”

“Hujala?”

“Ndiyo. Maana yake umesema kweli, sijala.” Aliweka vijiti chini. “Mama mdogo, Kiingereza hakiendi hivyo. Kwao ukiulizwa hujala, ukasema yesi, umesema umekula. Kama hujala unasema nou. Yesi yao haimjibu anayeuliza. Inajibu chakula.”

Nikaizima kofia ya Mama Du-sik.

“Kwa hiyo uliposema yesi kwenye matope,” nikasema polepole.

“Nilisema naogopa. Nikatabasamu.”

“Na kurudi?”

“Nilisema nitakimbia mwaka ukiisha. Nikainama kwa adabu.” Alijishika mashavu. “Tulifundishwa hii sekondari. Ilikuja kwenye mtihani, nikapata zote. Nilikuwa wa kwanza darasani.”

Nani alianza kucheka sijui. Nadhani ni yeye mwenyewe. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye nywele za watu. Tulimwona katika mawazo yetu, kola nyeupe, tabasamu pana, anawaambia wale walimu wa watu, ndiyo naogopa, ndiyo alfajiri inanishinda, ndiyo nawatoroka, asanteni sana. Huruma ya yule mama ikaeleweka. Mama Du-sik alijikuna kichwa kwa rola na kusema yeye aliona tangu mwanzo kwamba ile haikuwa sura ya mapenzi.

Sol-mi akawaandikia siku hiyohiyo, akaeleza yote bila kuficha kitu. Yule mama mwenye mvi alijibu mwenyewe. Alisema amemsomea barua mwenzake wakacheka, lakini kuna kijana mwingine anayeingojea nafasi ile, na inabidi wayasikie majibu kwa mdomo wa Sol-mi mwenyewe. Wangemsaili tena Alhamisi. Wakiridhika, maziwa. Wasiporidhika, ofisi.

Sasa sikieni kazi ilivyokuwa. Kusema nou ni rahisi kwa mdomo. Lakini mtoto aliyelelewa vizuri, akiulizwa na mtu mzima, shingo yenyewe inainama kabla ulimi haujaamua. Ilibidi tumfundishe utovu wa adabu kutoka mwanzo. Kila aliyeingia saluni alipewa amri ya kumuuliza kwa kukanusha. Hujachoka? Nou. Huna njaa? Nou, halafu anashiba kwa nguvu. Hutanisahau? Nou. Hupendi nywele zangu? Hapo alisema yesi kwa haraka, mteja akanuna, ikabidi nimweleze kwamba kasifiwa kwa Kiingereza.

Ugonjwa ukasambaa. Mume wa Mama Du-sik alimuuliza mkewe, “Hujapika?” Akajibiwa, “Nou.” Mzee wa watu akanawa mikono, akakaa mezani, akangoja mpaka giza likaingia. Mwenyekiti alitangaza kwenye kipaza sauti, “Maji hayatakatika leo, nou,” na kijiji kizima kikakinga ndoo kwa usalama. Mchinja nyama aliulizwa kama mbavu hazijaisha, akasema yesi, akaulizwa ya huku au ya kule. Maneno hayo yakawa salamu. Mtu akikubali jambo sokoni, anaulizwa kwanza, yesi yako ya huku au ya kule.

Shemeji yangu naye akaanza kuja. Mwaka mzima huja kwangu mara mbili, kabla ya sikukuu ya mavuno na kabla ya mwaka mpya. Wiki ile alikuja kila siku. Mara anataka nipunguze masikioni, mara amepita tu. Alikaa kwenye kiti cha mwisho na gazeti la mwezi uliopita, na kila Sol-mi aliposema nou, midomo ya baba yake ilicheza bila sauti. Dada alimtania, “Baba Sol-mi, nawe unasafiri?” Akageuza ukurasa.

Alhamisi ikafika. Niliandika mlangoni kwamba tumefunga, lakini wateja watatu walikuwa wameshawekwa dawa, nikawasukumia chumba cha nyuma na rola zao, wakaapa kutokohoa. Dada alisimama nyuma ya mataulo. Shemeji alikataa kujificha. Alichukua ufagio, akaanza kufagia nywele ambazo hazikuwepo. Nikamwambia ataonekana kwenye kioo, akasema hakuna anayemtazama mfagizi. Sol-mi aliketi. Mikono yake ilikuwa baridi kama samaki, na yangu pia.

Yule mama mwenye mvi alitabasamu, akavaa miwani. Kwa kuwa wiki ile tulikuwa tumekariri kila swali, safari hii hata mimi nilifuata.

“Huogopi matope?”

Niliona shingo ya Sol-mi inaanza kuinama. Ikasimama katikati.

“Nou,” akasema. “Siogopi. Nimezaliwa humo.”

“Kuamka alfajiri hakukushindi?”

“Nou. Ng’ombe wetu hawana Jumapili.”

Kijana mwenye ndevu akasogea mbele. “Na mwaka wa kwanza ukiisha, hutarudi nyumbani?”

“Nou,” Sol-mi akasema, kwa sauti ya juu mno, na chumba cha nyuma kikapiga makofi. Mtu akaangusha bakuli la rola. Wale walimu walicheka wote wawili, na Sol-mi akawaeleza, masikio mekundu, kwamba hao ni walimu wake.

Kisha yule mama akainamisha kichwa, akatazama kitu nyuma ya bega la Sol-mi. Kwenye kioo changu kikubwa cha ukutani alikuwa amesimama mwanamume na ufagio, hafagii.

“Yule ni baba yako?”

“Ni baba yangu.”

“Anaonekana ana mawazo. Hataki uondoke?”

Hilo hatukulikariri. Sol-mi angeweza kujibu mwenyewe, neno moja, yakaisha. Lakini aligeuka kwenye kiti, akamtazama, akamuuliza kwa lugha yetu.

“Baba, anauliza, hutaki niende?”

Nilimwona dada yangu ameshika taulo mdomoni. Wote tulilijua swali hilo. Lilikuwa ndani ya nyumba ile tangu jioni ya figili, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kuliuliza. Shemeji aliegemeza ufagio ukutani taratibu. Akakaza mgongo kama anapigwa picha ya kitambulisho. Hakumtazama bintiye, aliwatazama wale wa kwenye kompyuta.

“Yesi,” akasema kwa Kiingereza.

Yule mama alicheka kwa furaha, akapiga meza kwa kiganja. Akasema baba wa namna hiyo ni bahati. Alimnong’oneza mwenzake kitu, kijana akatikisa ndevu kukubali, na palepale, bila barua, akamwambia Sol-mi kwamba nafasi ya maziwa ni yake, aje mwezi wa pili na viatu vya mpira.

Sitaki hata kueleza kilichofuata. Pazia la mataulo lilikatika. Wale watatu walitoka na rola, dawa inawatiririka shingoni, wakamnyanyua mtoto juu. Dada alilia na kucheka na kunitukana bila sababu. Mama Du-sik alikimbilia kwa mwenyekiti, na kipaza sauti kikatangaza kwamba bango lilikuwa kweli tangu siku ya kwanza, waliotilia shaka waombe radhi. Sol-mi alipita chini yake kwa mbio, akarudi, akapita tena, watoto wa jirani nyuma yake.

Nilimkuta shemeji nje, anajaribu kuwasha gari lake la kubebea maziwa. Ufunguo ulikuwa unakosa tundu. Nilisimama dirishani, na mdomo wangu huu usio na breki ukauliza.

“Shemeji, ile yesi yako ilikuwa ya huku au ya kule?”

Ufunguo ukapata tundu, hakuuzungusha.

“Ya huku,” akasema. “Ndiyo maana niliisema kwa lugha yao, wao wasikie ya kule.”

Akawasha gari, akaenda kukamua.